Nani atamlipa daktari, na lini? Bima ya safari kwa anayetoka Mtwara na Lindi

Minada ya korosho ikishaanza mwezi wa kumi na malipo yakaingia kwenye akaunti za wakulima, safari za nje nazo huanza kupangwa. Babu na bibi wanapelekwa Umra. Mwenye duka anafuata mzigo Guangzhou. Kijana anakwenda chuo India, na mgonjwa wa moyo anatafutiwa hospitali Chennai. Wengine wanavuka mto Ruvuma kusalimia ndugu Palma au Mueda, Msumbiji, kama walivyovuka wazee wao. Tiketi inalinganishwa bei wiki nzima. Bima ya matibabu hununuliwa dakika ya mwisho kwa sababu ubalozi umeidai, na karatasi yake haifunguliwi mpaka mtu awe juu ya machela.

Isome kabla ya kuilipia, ukiwa na swali moja tu kichwani: nikiumwa huko, nani atamlipa daktari, na atamlipa lini? Maneno yote ya mkataba yanazunguka hapo.

Tuanze na kadi uliyonayo mfukoni. Kadi ya NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, unayoionyesha hospitali za Ligula, Sokoine, Ndanda au Nyangao ni ya vituo vilivyosajiliwa na mfuko humu nchini. Kadi ya CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii, pia ni hivyo hivyo. Ukivuka mpaka, kadi hizo hazimlipi mtu. Wenye bima binafsi ya kazini wasiwe na haraka ya kufurahi pia: baadhi ya mipango ina kipengele cha dharura nje ya nchi, lakini kina mipaka yake. Muulize mtu wa rasilimali watu akupatie majibu manne kwa maandishi: nchi zipi, siku ngapi kwa safari moja, kiasi gani cha fedha, na namba ipi ya simu. Jibu la mdomo la "umo, usijali" halina thamani kaunta ya hospitali ya ugenini.

Kosa linaloumiza watu wengi ni kuchanganya bima ya safari na bima ya kwenda kutibiwa. Bima ya safari ni ya dharura: ugonjwa wa ghafla au ajali iliyokukuta ukiwa safarini. Hutibiwa mpaka uwe na hali ya kuweza kurudi nyumbani, kisha urudi. Mtu aliyepanda ndege akiwa na barua ya rufaa, vipimo na tarehe ya upasuaji, huyo safari yake yenyewe ni matibabu, na karibu kila mkataba wa bima ya safari unasema wazi kwamba haumlipii. Wapo wanaonunua bima ya dola chache na kuamini itabeba upasuaji wa moyo India. Haitabeba, na wakala aliyekaa kimya wakati anajua unakokwenda amekukosea.

Kwa mgonjwa huyo, malipo hutoka kwenye mojawapo ya njia tatu: mfuko wa familia, mpango wa bima ya afya wenye kipengele cha matibabu nje ya nchi, au rufaa ya Serikali inayopitia hospitali za juu na jopo la madaktari hadi Wizara ya Afya. Kwenye bima, neno kubwa ni idhini ya awali. Kampuni hutaka ripoti ya daktari bingwa inayoeleza kwa nini tiba hiyo haipatikani hapa, pamoja na makadirio ya gharama kutoka hospitali ya kule. Ikishajibu kwa maandishi, ndipo unakata tiketi. Ukitangulia kwenda na kuomba idhini baadaye, umewapa sababu ya kukataa. Siku hizi magonjwa mengi ya moyo hutibiwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, na ya mifupa na ubongo MOI, hapo hapo Muhimbili, kwa hiyo ripoti isiyogusa suala hilo hurudishwa haraka.

India ina viza ya matibabu na viza ya msindikizaji, na mgonjwa mmoja anaruhusiwa wasindikizaji wawili. Hapa pana jambo ambalo familia nyingi hulisahau: msindikizaji ni mzima, kwa hiyo bima ya safari inamfaa yeye kabisa. Mama aliyempeleka mwanawe, akapata homa kali wiki ya tatu, asitegemee fedha zilizochangwa kwa ajili ya mtoto. Mnunulie yake. Mgonjwa naye abebe picha za CT na MRI kwenye CD pamoja na ripoti zilizochapwa, maana karatasi bila picha hufanya vipimo virudiwe, na kurudia vipimo ni fedha.

Sasa chukua cheti cha bima chenyewe, kile cha ukurasa mmoja, ukiweke mezani pembeni ya pasipoti. Anza na jina. Huku kwetu jina lile lile lina sura mbili: Said na Saidi, Hassan na Hassani, Mohamed na Mohamedi. Cheti cha kuzaliwa kina hili, kitambulisho cha NIDA kina lile. Karani wa hospitali huko ugenini hajui kwamba Hassani wa Newala ndiye Hassan wa kwenye mkataba. Yeye analinganisha herufi. Fungua ukurasa wenye picha, angalia mistari miwili ya chini yenye alama za pembe zilizofuatana, na uhakikishe bima imeandikwa vile vile, majina yote na kwa mpangilio ule ule. Kisha namba ya pasipoti, tarakimu kwa tarakimu, ukitazama kama sifuri haikugeuka kuwa herufi O. Ukipata pasipoti mpya baada ya kununua bima, namba imebadilika. Omba kampuni ikuandikie marekebisho. Ni kazi ndogo ukiwa bado nyumbani.

Tarehe. Mikataba mingi huanza unapotoka nchini, hivyo basi la Mtwara kwenda Dar es Salaam halimo ndani yake. Siku ya kufika na siku ya kuondoka zote huhesabiwa. Acha siku mbili tatu za ziada mwishoni, kwa sababu ndege huahirishwa. Ukiona safari inarefuka, omba nyongeza kabla bima haijaisha, ukiwa bado mzima. Aliyekwisha kulazwa hauziwi nyongeza.

Kisha fedha. Usiangalie ile namba kubwa ya juu peke yake. Tuseme kikomo ni dola 50,000, lakini ndani yake meno yana dola 250 na matibabu ya bila kulazwa yana kikomo chake. Halafu kuna kile kiasi cha kwanza unachobeba mwenyewe, ambacho mawakala wengi hawakitaji. Kama ni dola 100 na bili yako ya kliniki ni dola 85, utalipa yote wewe. Bili ikiwa dola 1,400, kampuni inalipa 1,300. Uliza pia kama kiasi hicho kinakatwa mara moja kwa safari nzima au kila unapodai, maana kwa mzee anayekwenda kliniki mara tatu tofauti ni kubwa.

Kuhusu maradhi ya zamani, nasema bila kuzunguka: usiyafiche. Presha, sukari, pumu, selimundu, upasuaji wa mwaka juzi, yote yaandikwe kwenye fomu. Watu huogopa kwamba bei itapanda, na kweli hupanda, hasa kwa waliopita miaka 65 au 70. Lakini mtu wa sukari aliyejaza "hana ugonjwa", kisha akazidiwa Jeddah, kitu cha kwanza kampuni itakachoomba ni kumbukumbu zake za hospitali. Dawa zake zenyewe zitamsema. Mkataba ukifutwa kwa udanganyifu, hata mguu uliovunjika kwa ajali hulipwi. Mjamzito naye asome kifungu chake peke yake: mikataba huweka wiki ambayo ulinzi unakoma, na kujifungua kwa kawaida hakumo kabisa.

Kwa dawa za kila siku, beba za safari nzima na wiki moja zaidi, zikiwa kwenye pakiti zake, na karatasi ya daktari iliyoandika jina halisi la dawa badala ya jina la kibiashara. Insulini ikae kwenye mkoba wa mkononi. Kwenye buti la basi la kutoka Lindi hadi Dar joto linaweza kuiharibu kabla hujafika uwanja wa ndege.

Kila nchi ina yake. Viza ya Schengen, inayofunika nchi 29 za Ulaya, inataka bima isiyopungua euro 30,000, inayofanya kazi nchi zote hizo, kwa siku zote za kukaa, na iliyotaja matibabu ya dharura, kulazwa, na kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa au kifo. Cheti kisichotaja kurudishwa nyumbani hukwamisha ombi. Ombi hupelekwa si zaidi ya miezi 6 na si chini ya siku 15 kabla ya safari, kwa hiyo chagua bima inayokurudishia fedha viza ikikataliwa. Mwenye viza ya kuingia mara nyingi huonyesha bima ya safari ya kwanza tu, lakini anatia sahihi kwamba atajinunulia kwa kila safari inayofuata, na wengi husahau hapo.

Uingereza haidai bima kwa viza ya matembezi, na ndiyo maana watu huenda mikono mitupu. Chumba cha dharura hakitozi. Ukishalazwa wodini, mgeni asiye mkazi hutozwa asilimia 150 ya gharama ya huduma hiyo. Mwanafunzi wa zaidi ya miezi 6 yeye hulipa ada ya afya pamoja na viza, pauni 776 kwa mwaka, na anatibiwa kama wenyeji. China na India usishangae kuambiwa uweke kianzio kabla ya kupewa kitanda; hata mwenye bima hubaki akisubiri barua ya dhamana ya malipo kutoka kampuni yake, kwa hiyo awe na fedha ya kushika.

Kwa Umra, bima huingia ndani ya malipo ya viza ya Saudia. Ni ya dharura, na haikusudiwi kutibu figo au moyo uliokuwa unasumbua tangu Liwale. Tatizo kubwa la mahujaji wetu liko kwenye karatasi: kiongozi wa kikundi hubeba za watu wote kwenye mkoba mmoja. Bibi akipotea kwenye umati na kuanguka kwa joto, anabaki hana hata namba. Kila mmoja abebe nakala yake shingoni, na namba ya bima ipigwe picha kwenye simu yake na ya mwenzake. Halafu kibali. Hija ya mwaka 2024 joto la Makka lilipita nyuzi 50, na Saudia ilitangaza vifo 1,301, zaidi ya asilimia 80 wakiwa watu wasio na kibali cha Hija. Asiye na kibali hana hema lenye kivuli, hana basi, na hawezi kutegemea bima. Anayekuuzia "njia ya mkato" anakuuzia hilo. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika, na uhifadhi cheti.

Msumbiji nataka nikae zaidi, kwa sababu ndiyo safari yetu ya nje ya kila siku na ndiyo isiyowekewa bima kabisa.

Njia rasmi ni Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lililofunguliwa mwaka 2010, na kivuko cha Kilambo karibu na mdomo wa mto. Katikati ya hapo kuna mitumbwi, na watu huvuka asubuhi wakarudi jioni bila muhuri. Kwa bima, muhuri ndio ushahidi kwamba ulitoka nchini na lini. Ukivunjika mguu Palma huku pasipoti yako haionyeshi kwamba uliwahi kutoka Tanzania, dai halina mahali pa kusimama, hata kama ulilipa ada yote. Gonga muhuri, kutoka na kuingia, pande zote mbili.

La pili ni kifungu cha vita. Mashambulizi ya Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji linalopakana nasi, yalianza Oktoba 2017 Mocímboa da Praia, na Palma yenyewe ilivamiwa Machi 2021. Mikataba mingi huondoa majeraha ya vita, uasi na ugaidi. Mingine huenda mbali zaidi: huondoa eneo zima ambalo serikali fulani imetoa tahadhari ya kutokwenda, na hapo hata kidole tumbo cha kawaida hakilipwi. Tofauti ya vifungu hivyo viwili ni maneno machache tu. Mtajie wakala jina la wilaya unakokwenda, asiridhike na "Msumbiji", na umwambie akujibu kwa barua pepe.

La tatu ni bodaboda. Ukiiendesha bila leseni au ukapakiwa bila kofia, soma kinachosemwa. Na kama umekwenda kufanya kazi ya mikono, kupasua mbao au kuchimba, bima ya matembezi haikufuniki.

Ripoti ya daktari upande ule itakuwa ya Kireno. Omba "relatório médico" (ripoti ya daktari) na "recibo" (risiti), vyote na muhuri, kabla hujatoka wodini. Na fikiria usafirishaji kwa hali halisi: ukizidiwa karibu na mpaka, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mtwara inaweza kuwa karibu kuliko hospitali kubwa ya mji wa Pemba, ule wa Msumbiji. Lakini kivuko hutegemea maji kujaa, na gari la wagonjwa lisilo na idhini ya kampuni ni bili yako. Piga simu kwanza.

Wenye magari nao wana mkanganyiko wao, maana kuna kadi mbili za njano. Moja ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho tangu mwaka 2016 hudumu maisha yote na huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Nyingine ni ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, nayo ni ya gari: inalipia madhara kwa watu wengine na matibabu ya waliokuwemo garini ajali ikitokea. Inafaa Malawi, Zambia au Kenya. Msumbiji haimo kwenye mpango huo, na haitibu malaria popote.

Na malaria yenyewe inastahili neno. Mtu anatoka Tandahimba ameumwa na mbu, anafika Guangzhou mzima, siku ya 9 anawaka homa. Vimelea huchukua wiki moja mpaka nne hivi kujitokeza. Daktari wa kule anaweza kutafuta mafua na virusi vingine kwa siku mbili nzima, na hizo siku mbili ni hatari. Sema mwenyewe, mapema: natoka sehemu yenye malaria, nipimwe damu leo. Ukiwa na homa kabla ya safari, pima na utibiwe kwanza, na cheti cha majibu kiwe nawe. Kinasaidia pia kampuni ikiuliza kama uliondoka ukiwa mgonjwa.

Ukiumwa ugenini, mpangilio ni huu. Maisha yakiwa hatarini, nenda hospitali ya karibu kwanza. Hakuna mkataba unaokutaka ufe ukisubiri simu. Kama kuna nafasi, piga namba ya msaada ya saa 24 iliyo kwenye cheti kabla ya kuingia popote, ili wakuelekeze hospitali wanayolipana nayo moja kwa moja. Wape namba ya mkataba, ulipo, simu ya daktari na jina la hospitali. Omba watume hospitalini barua ya dhamana ya malipo, na uandike jina la uliyeongea naye na saa. Kwa aliyelazwa, mikataba mingi inataka taarifa ndani ya saa 24 au 48, na ndugu anaweza kuitoa kwa niaba yake. Upasuaji usio wa dharura usitiwe sahihi kabla barua haijafika. Namba yenyewe ijaribu ukiwa bado Tanzania: namba za bure za nchi nyingine mara nyingi hazipigiki kwa laini zetu, kwa hiyo dai namba ya kawaida yenye msimbo wa nchi, au ya WhatsApp.

Ukilipa mwenyewe ili ukadai baadaye, karatasi ndiyo fedha yako. Bili iwe na mchanganuo, kitanda kwa siku, kila dawa, kila kipimo. Risiti ya jumla pekee hurudishwa. Ongeza ripoti ya kutoka hospitalini, vyeti vya dawa, nakala ya pasipoti yenye mihuri, na ripoti ya polisi kama ni ajali. Risiti za karatasi laini hufifia kwa joto letu, kwa hiyo zipige picha siku ile ile. Tuma nakala kwanza, na unapopeleka asili, pokea sahihi. Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi pamoja na namba ya kifungu. Ukiona umeonewa, malalamiko hupelekwa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na ipo pia ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kabla hata ya kununua, hakiki kwenye mfumo wa TIRA kwamba wakala amesajiliwa na kwamba hati yako imo. Benki kadhaa zenye matawi Mtwara mjini na Masasi nazo huuza bima, ila maswali yako yabaki yale yale.

Kuna kifungu ambacho familia haipendi kukisoma: kurudisha maiti. Ni gharama kubwa, yenye cheti cha kifo, cheti cha kuhifadhi mwili, kibali cha kusafirisha na jeneza maalumu, na huchukua siku. Mikataba mingi hutoa chaguo la kulipia maziko kule kule, na kwa Waislamu wanaotaka kuzika mapema hilo ni la maana sana. Aliyefariki akiwa Umra au Hija kwa kawaida huzikwa huko huko. Semeni nyumbani kabla ya safari nini mnataka, na ndugu wasikubaliane na wakala yeyote wa mazishi kabla ya kupiga ile namba, kwa sababu gharama ambayo kampuni haikuiidhinisha huwa vigumu kurudishwa.

Nakala moja ya cheti, pasipoti, orodha ya dawa na namba ya msaada ibaki Mtwara kwa mtu mmoja anayejulikana na wote, ambaye simu yake huwa haizimwi usiku.